BETRI NI GHALA: TUSOME KABLA YA KUTIA SAHIHI

Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa mjini Karatu mbele ya wahitimu wa kisomo waliotoka Rhotia, Endabash, Mang'ola na Mbulumbulu, pamoja na wageni wetu kutoka Tarafa ya Ngorongoro. Wenzetu wengi waliomba yaandikwe gazetini ili wayasome tena nyumbani, na wawasomee majirani.



Leo tumepewa kazi ya kuzungumza juu ya betri. Tunajua wapo wanaosema moyoni, "Betri? Tumeacha palizi kuja kusikiliza habari za betri?" Tunaomba mtuvumilie kidogo. Tutawaeleza kwanza yaliyotupata sisi wenyewe, halafu mtaona kwa nini tumekuja.

Yaliyotupata

Sisi ni kikundi cha watu 12. Wote tulipita kisomo. Kila mmoja ana cheti, na wengine wamekitia kwenye fremu wakakitundika ukutani. Tulikuwa na darasa la jioni la wenzetu waliochelewa kujifunza. Mchana watu wako shambani, kwa hiyo tulisoma kuanzia saa moja jioni mpaka saa tatu usiku. Tulitumia kibatari. Moshi ulitutoa machozi, na wazee wenye macho dhaifu hawakuona herufi vizuri.

Basi siku moja ya mnada akaja muuzaji wa sola. Alikuwa na paneli, taa nne, na betri iliyobandikwa karatasi yenye maandishi makubwa: LITHIUM. Akasema ni betri ya kisasa, haifi. Tutoe malipo ya kwanza, halafu tulipe kidogo kidogo kila mwezi kwa miezi 24. Akatoa karatasi tatu zilizojaa maandishi madogo. Akasema, "Haraka jamani, gari linaondoka. Wekeni dole gumba hapa."

Tukaweka dole gumba.

Ndugu zangu, jambo hili bado linatuuma. Sisi tunaojua kusoma, tunaowafundisha wengine kusoma, tulipaka wino kidoleni kama zamani. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Ngoja kwanza tusome."

Miezi sita ya mwanzo taa ziliwaka vizuri. Mwezi wa saba zikaanza kufifia saa mbili usiku. Mwezi wa nane zikawa zinazimika kabla mwalimu hajamaliza kuandika ubaoni. Tukabeba betri kwa fundi mjini. Fundi akabandua ile karatasi ya juu. Chini yake kulikuwa na kibandiko kingine. Kumbe ile haikuwa lithiamu kabisa! Ilikuwa betri ndogo ya risasi, na uwezo wake ulikuwa nusu ya ule tuliotajiwa.

Ndipo tukazitafuta zile karatasi tatu. Tukakaa chini ya mti tukazisoma kwa sauti, mstari kwa mstari. Tukakuta imeandikwa kwamba dhamana ya betri ni miezi 6 tu. Tukakuta tena kwamba malipo yataendelea miezi 24 "katika hali yoyote". Yaani tulikubali wenyewe kulipia giza. Yule muuzaji hakuonekana tena mnadani, na simu yake haikupatikana. Fedha zile hazikurudi. Darasa likafungwa miezi minne. Wanafunzi watatu waliokuwa wameanza kuandika majina yao hawakurudi tena mpaka leo.

Hiyo ndiyo hasara yetu. Sasa tuwaeleze tuliyojifunza.

Betri ni nini?

Betri ni ghala. Hebu tufikirie kihenge cha mahindi. Shamba linatoa mahindi wakati wa mavuno tu, lakini watu wanakula mwaka mzima. Bila kihenge kuna njaa. Umeme wa jua ni hivyo hivyo. Paneli ni shamba, na mavuno yake ni ya mchana. Taa, redio na simu ni walaji, na wengi wanakula usiku. Katikati lazima kuwe na ghala. Ghala hilo ndilo betri.

Ukiwa na shamba kubwa na kihenge kidogo, mavuno yanapotea. Ukiwa na kihenge kikubwa na shamba dogo, hakijai. Ukiwa na kihenge kibovu, panya wanakula. Kwa hiyo mtu anayenunua sola asitazame taa tu. Aulize habari za ghala.

Huku kwetu betri zinazouzwa zaidi ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya risasi na tindikali, kama ile ya gari. Ni nzito. Haipendi kutumiwa mpaka ikaisha. Inafaa uchukue nusu tu, nusu nyingine uiache ndani. Ukiikamua mpaka mwisho kila usiku, inachoka baada ya mara mia chache.

Ya pili ni ya lithiamu. Lithiamu ni metali nyepesi kuliko metali zote duniani. Ndani ya betri hii kuna pande mbili, na chembe ndogo ndogo za lithiamu zinasafiri kati ya pande hizo. Ni kama ng'ombe wanaotoka bomani asubuhi kwenda malishoni na kurudi jioni. Jua likiwaka, umeme wa paneli unazisukuma chembe upande mmoja, nazo zinatulia huko. Usiku ukiwasha taa, zinarudi upande wa pili, na umeme unapita katika waya kwenda kwenye taa. Kesho yake zinasafiri tena. Kwenda na kurudi mara moja tunakuita mzunguko mmoja.

Betri nzuri ya lithiamu, ya aina yenye chuma na fosfeti, inaweza kufanya mizunguko 2,000 na zaidi. Tena unaweza kutumia sehemu 8 kati ya 10 za umeme uliomo bila kuiumiza. Aina hii kibandiko chake huandikwa LiFePO4. Ndugu zangu, andikeni herufi hizo katika daftari zenu. Mkienda dukani zitafuteni.

Nani waliivumbua?

Haikuvumbuliwa na mtu mmoja. Katika miaka ya 1970 Stanley Whittingham, Mwingereza aliyefanya kazi Marekani, alianza. Mwaka 1980 John Goodenough, Mmarekani aliyekuwa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, akaiongezea nguvu. Akira Yoshino wa Japani akaifanya iwe salama zaidi mwaka 1985, na mwaka 1991 kampuni ya Sony ikaanza kuiuza. Ile aina ya chuma na fosfeti ilitoka kwa Goodenough na wenzake huko Texas katika miaka ya 1990. Mwaka 2019 watu hao watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Tunataka kuwaambia jambo moja juu ya huyu mzee Goodenough. Alipokuwa mtoto alipata taabu sana kujua kusoma. Herufi zilimchanganya. Lakini hakuacha. Alipopewa tuzo hiyo alikuwa na umri wa miaka 97, na bado alikuwa anafanya kazi. Alifariki mwaka 2023. Sasa ninyi wazee mnaosema, "Mimi nimezeeka, siwezi tena kujifunza," mnasemaje?

Biashara hii ilivyoanza Arusha

Msidhani mambo haya yako mbali. Mwaka 2011 Xavier Helgesen, Erica Mackey na Joshua Pierce walianzisha kampuni iliyoitwa Off-Grid Electric, na mwaka 2012 ikaanza kuwauzia wananchi huduma hapa hapa mkoani Arusha. Kampuni hiyo haikuchimba lithiamu. Kazi yake ilikuwa kuunganisha paneli, betri ya lithiamu na mpango wa kulipa kwa simu. Mteja alilipa kidogo kidogo, akapata namba, akaziingiza, taa zikawaka. Asipolipa, taa zilifungwa. Wengi mnaikumbuka kwa jina la M-POWER.

Mpango huo ulipendwa kwa sababu mtu maskini hawezi kutoa fedha zote kwa siku moja, lakini aliweza kutoa zile alizokuwa anatumia kwa mafuta ya taa. Mwaka 2014 kampuni ya SolarCity ya Marekani iliweka fedha ndani yake. Mwaka 2015 Serikali yetu na kampuni hiyo walitangaza mpango wa kufikisha sola katika nyumba milioni 1. Mwaka 2018 kampuni ikabadili jina ikaitwa Zola Electric, na baadaye ikatoa mtambo mkubwa zaidi wenye betri za lithiamu, uitwao Infinity, kwa ajili ya nyumba kubwa na biashara.

Wenzao wengine walikuwa Mobisol, kampuni ya Berlin, Ujerumani, iliyofanya kazi hapa Tanzania pia. Mwaka 2019 Mobisol iliishiwa fedha ikaingia katika mufilisi, halafu mwaka huo huo ikanunuliwa na kampuni ya ENGIE ya Ufaransa. Tunalisema hili si kwa kumlaumu mtu. Tunalisema ili mjue kwamba kampuni nayo huweza kuanguka, hata kubwa. Kwa hiyo ukipewa dhamana ya miaka mitano, uliza: kampuni ikiuzwa, dhamana hii nani ataibeba?

Hebu tupige hesabu

Chukueni kalamu. Nyumba yetu ya mfano ina:

Taa 4 za wati 5, saa 4 kila usiku: 4 × 5 × 4 = wati-saa 80.
Redio 1 ya wati 5, saa 6: 5 × 6 = wati-saa 30.
Simu 4, kila moja wati-saa 10: 4 × 10 = wati-saa 40.
Jumla: wati-saa 150 kwa siku.

Sasa tutazame maghala. Kwenye kibandiko kuna volti (V) na ampea-saa (Ah). Zidisha moja kwa nyingine, utapata wati-saa.

Betri ya risasi ya 12 V na 50 Ah: 12 × 50 = 600. Chukua nusu tu: 300.
Betri ya lithiamu ya 12.8 V na 30 Ah: 12.8 × 30 = 384. Chukua sehemu 8 kati ya 10: kama 307.

Mnaona? Ile inayoonekana ndogo inafanya kazi ile ile. Zote mbili zinatosha siku mbili, hata siku moja ikiwa na mawingu. Nasi tunaoishi nyanda za juu, kwa Rhotia na Oldeani, tunajua ukungu wa mwezi wa sita na wa saba.

Sasa bei. Hii ni hesabu ya mfano tu, si bei ya duka lolote. Tuseme betri ya risasi ni shilingi 200,000 na inadumu mizunguko 400. Gawanya: shilingi 500 kwa usiku mmoja. Tuseme ya lithiamu ni shilingi 400,000 na inadumu mizunguko 2,000. Gawanya: shilingi 200 kwa usiku mmoja. Mizunguko 400 ni kama mwaka mmoja na mwezi mmoja. Mizunguko 2,000 ni zaidi ya miaka 5. Kwa hiyo rahisi inaweza kuwa ghali. Lakini hesabu hii inakubali tu kama lithiamu ni lithiamu kweli! Yetu sisi ilikuwa lithiamu ya karatasi.

Joto la Mang'ola na baridi ya Ngorongoro

Wilaya zetu hizi mbili ni za ajabu. Mwenzetu wa Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, anamwagilia vitunguu kwenye jua kali. Mwenzetu wa ukingo wa Kreta, kwenye meta zaidi ya 2,200, anaota moto ndani ya blanketi. Betri haipendi joto lile wala baridi ile.

Ninyi wa Mang'ola, msifunge betri chini ya bati. Mchana bati linachoma, na joto linazeesha betri haraka. Iwekeni chini, kivulini, kwenye ukuta wa udongo unaopoa, mahali hewa inapopita.

Ninyi wa Nainokanoka na sehemu nyingine za juu, betri isilale nje. Betri ya lithiamu haitakiwi kuchajiwa ikiwa imeganda kwa baridi, yaani chini ya nyuzi 0. Ilale ndani pamoja nanyi, lakini mbali na moto wa kuotea na mbali na mkia wa ndama. Tena kwa mfugaji lithiamu ina faida moja kubwa: ni nyepesi. Maboma mengi yako mbali na nguzo za umeme. Ukihama unaibeba mkononi.

Ndani ya betri ya lithiamu iliyo nzuri kuna kibao kidogo cha ulinzi. Kazi yake ni kama mlinzi wa lango. Betri ikijaa, anafunga. Ikikaribia kuisha, anafunga. Joto likizidi, anafunga. Betri isiyo na mlinzi huyu inaweza kuvimba na kushika moto. Kwa hiyo tusikubali mafundi wa barabarani wanaokata nyaya na "kumtoa mlinzi ili taa ziwake zaidi". Hayo ni mambo ya kuunguza nyumba.

Na ikifa? Msiitupe jalalani, msiichome, wala msiwape watoto waipasue. Risasi ni sumu kwa watoto na mifugo, na lithiamu ikitobolewa inaweza kuwaka. Irudisheni kwa aliyewauzia au kwa mnunuzi wa betri chakavu mwenye kibali.

Mwezi uliopita kijana mmoja alituuliza, "Mbona hatutengenezi wenyewe?" Ni swali zuri. Upande mmoja wa betri hizi hutengenezwa kwa grafaiti, na grafaiti ipo Mahenge, Mkoa wa Morogoro, na kusini huko Lindi. Nikeli, inayotumika katika aina nyingine za lithiamu, ipo Kabanga, Wilaya ya Ngara. Mwaka 2021 Serikali ilitia sahihi mikataba ya nikeli ya Kabanga na ya grafaiti ya Mahenge, ikachukua hisa za asilimia 16 katika kila mradi. Kwa hiyo hata taifa linatia sahihi mikataba ya betri. Kama taifa linapaswa kusoma kabla ya kutia sahihi, sembuse sisi!

Maswali sita ya kumwuliza muuzaji

Mara ya pili tulichanga tena fedha za vitunguu na maharage. Safari hii hatukwenda kununua siku ya mnada. Tuliomba mkataba, tukaubeba nyumbani, tukausoma usiku mbili. Halafu tukarudi tukauliza:

1. Betri hii ni ya aina gani? Tuonyeshe kibandiko cha kiwandani, si karatasi iliyobandikwa juu.
2. Volti ngapi, ampea-saa ngapi? Tuzidishe wenyewe.
3. Dhamana ya betri ni miezi mingapi? Je, inamalizika kabla ya malipo yetu? Kama ndiyo, hatununui.
4. Jumla ya malipo yote, la kwanza mpaka la mwisho, ni kiasi gani?
5. Ikiharibika, nani atakuja, kutoka ofisi ipi, na kwa siku ngapi? Iandikwe.
6. Tukichelewa kulipa msimu wa njaa, itakuwaje? Nayo iandikwe.

Muuzaji wa kwanza alikasirika. Tukamwaga kwaheri. Wa pili alijibu yote, na yale yasiyokuwamo katika mkataba akakubali kuyaandika kwa mkono na kutia sahihi. Tukanunua kwake. Sisi wote 12 tulitia sahihi kwa majina yetu kamili. Mama mmoja mwenye umri wa miaka 61 aliandika jina lake polepole sana, watu wote wakingoja. Alipomaliza akasema, "Sasa hivi wino uko kwenye kalamu, hauko kidoleni."

Leo darasa letu la jioni limefunguliwa tena, na taa zinawaka mpaka saa tatu. Wale watatu bado hawajarudi. Tumewatumia salamu mara mbili, na tutawatumia tena.

Ndugu wahitimu, wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nasi tunaongeza kwamba hata daftari likiwepo, lazima lisomwe. Mkienda kununua betri, mbegu, dawa ya ng'ombe au chochote, chukueni miwani yenu na msomee hapo hapo. Muuzaji akisema gari linaondoka, mwambieni liende.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini wanakikundi waliweka dole gumba ingawa walijua kusoma? Je, jambo kama hilo limewahi kutokea kijijini kwenu?
2. Andika vyombo vyote vya umeme vilivyomo nyumbani kwako, au unavyotaka kununua. Piga hesabu ya wati-saa za siku moja.
3. Tafuteni betri moja kijijini. Someni kibandiko chake. Ni ya aina gani? Ina wati-saa ngapi?
4. Kijiji chenu kina joto kama Mang'ola au baridi kama ukingo wa Kreta? Betri ikae wapi?
5. Leteni mkataba mmoja wa mkopo au wa ununuzi. Usomeni kwa sauti mpaka mwisho. Ni maneno gani hamkuyajua mlipotia sahihi?